Sura ya Nne: Waya Nyuma ya Kabati

Bi Kwanini alikuwa na kanuni moja aliyoibeba katika kazi zake zote: ukienda kumchunguza mtu nyumbani kwake, anza na nyumba. Mtu hujiandaa. Nyumba hufagiwa tu.

Kwa hiyo mchana ule wa Jumamosi, mke wa Kinyozi alipomfungulia mlango, hakuuliza lolote. Alisalimia, akavua viatu, akakaa pale alipoonyeshwa, akaweka mkoba mapajani na kuanza kutembeza macho. Sebule ndogo, safi. Kabati la vioo lenye vyombo vya wageni, limeegemea ukuta wa jikoni. Juu ya kabati, ruta ya intaneti ikipepesa taa zake, imetandikiwa kitambaa isije ikakwaruza mbao. Mlango mmoja wa jikoni, mwingine wa korido. Na kwenye kochi la pembeni alikaa mama yake mke wa Kinyozi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, akifuma sweta la uzi wa kijani. Mbele yake simu ilikuwa imesimamishwa juu ya stuli, ikimwonyesha mwanamke mmoja akifundisha kufuma.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kutupeleleza?”

“Ndiye mimi.”

“Basi karibu. Peleleza taratibu, nahesabu mishono.”

Bi Kwanini alicheka. Jina lake halisi lilijulikana na benki na wanawe tu. Hili la utani alipewa kazini, enzi alipokuwa mkaguzi wa madai ya bima, akizunguka kwenye maduka yaliyoungua wiki moja kabla ya bima kwisha na magari yaliyoibwa na binamu za wenye magari. Sasa alikuwa amestaafu, na Chama cha Sataranji kilimwomba ashike kesi hii kwa sababu kila mwanachama aliyeigusa aliishia kupiga meza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mashindano ya mwaka huo yalichezwa mtandaoni, kila mchezaji nyumbani kwake, na sheria ilisema kwamba mtandao ukimkatikia mtu dakika nzima, mchezo unafutwa na kurudiwa siku nyingine. Kinyozi alikatikiwa mara tatu. Mara zote tatu alikuwa anashindwa. Michezo miwili ikarudiwa, akashinda yote miwili. Wa tatu ulikuwa dhidi ya daktari wa meno, mtu mkali wa maneno, naye alikataa katakata kurudia. Aliandika malalamiko ya kurasa mbili na kuyafunga kwa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kibaya zaidi, Kinyozi mwenyewe alikuwa ameandika utetezi uliomkaba. Alisema mtandao wake hauwezi kukatika kwa sababu kompyuta yake haitumii waifai, inatumia waya, na waya huo aliuvuta kwa mikono yake. Chama kitafute ubovu kwake chenyewe. Chama kikatafuta, kisiuone. Sasa kama waya wa Kinyozi ni mzima na mitambo ya Chama ni mizima, kilichobaki ni mkono wa mtu.

Jikoni, mke wa Kinyozi alikuwa anamwandalia mgeni chai. Ilisikika milio ya vikombe, kisha mngurumo mzito wa mashine.

“Tena!” Bibi aliiambia simu yake. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa amesimama mdomo wazi, sindano zote mbili juu. “Unamwona huyu? Kila mgeni akija ananigandia hivi hivi. Nadhani ana aibu.”

Bi Kwanini alitazama simu, akatazama mlango wa jikoni. Kisha Kinyozi akatokea koridoni, na ikabidi asimame kumsalimia.

Alikuwa mwanamume mrefu, nadhifu, kichwa chake mwenyewe kimenyolewa kiking'aa. Alimpa mgeni mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, na mkono wenyewe ulikuwa baridi.

“Karibu mama. Samahani kwa usumbufu.”

“Usumbufu ndiyo kazi yangu. Umelala?”

“Kidogo.”

“Kwa nini kidogo?”

Kinyozi alimtazama mama mkwe wake, ambaye kwa adabu aliinamia mishono, halafu akasema kwa sauti ya chini. “Mama, mimi nanyoa watu kwa wembe. Mtu anaingia, anakaa, anafumba macho, ananipa shingo yake. Biashara yangu ni hiyo. Nusu ya wateja wangu ni watu wa sataranji. Wiki hii wawili wa wembe, wa siku zote, wameniomba niwanyoe kwa mashine. Hawakusema kitu. Wameomba mashine tu.”

Hilo lilimwingia Bi Kwanini. Alikuwa amekuja akidhani anachunguza mchezo.

“Twende tukaone hiyo kompyuta,” alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa mwisho wa korido. Kulikuwa na meza, kiti cha saluni kilichozeeka na kupewa kazi ya pili, kompyuta ya mezani yenye kioo kipana, na feni sakafuni. Bi Kwanini alikaa kwenye kiti. Hakugusa kompyuta. Alinyoosha miguu chini ya meza, kama afanyavyo mtu mwenye kucheza saa nzima, na kidole gumba cha mguu kikagonga kitu.

Aliinama. Ekstensheni ya umeme, na juu yake swichi iliyosuguliwa mpaka rangi imetoka. Swichi inayoguswa kwa mguu, chini ya meza, mahali ambapo hakuna kamera ya kompyuta inayofika.

“Hii unaibonyeza kwa nini?”

“Ah.” Kinyozi aliona haya. “Nikibanwa, mama, kelele za feni zinanichanganya. Naizima.”

“Ukibanwa.”

“Ndiyo.”

“Ukishinda, huizimi?”

“Nikishinda siisikii.”

Bi Kwanini aliibonyeza. Feni ikapunguza mwendo, ikalala. Kompyuta haikushtuka. Aliibonyeza tena mara mbili tatu, akafuata kila waya kwa kidole hadi mwisho wake, akahakikisha kwamba swichi hiyo haikulisha kitu kingine chochote. Njia ya kwanza ilikuwa imeishia ukutani. Haikumsikitisha; katika kazi yake mtu hakuti mlango wa kweli kabla ya kugonga wa jirani.

“Sasa nionyeshe waya wa mtandao.”

Kinyozi alionyesha kwa fahari kidogo. Waya mweupe ulitoka nyuma ya kompyuta, ukashuka mguu wa meza, ukaingia chini ya zulia na kupotelea mlangoni. “Nilisoma sana kabla ya kuuweka. Kila anayecheza kwa dhati atakwambia, kompyuta ya mezani haihami, basi ipe waya. Waifai ni ya simu, ya mtu anayetembea.”

“Uliuweka lini?”

“Kabla ya mashindano kuanza.”

Bi Kwanini alipiga magoti, akageuza kompyuta kidogo, akatazama tundu la waya. Kando ya tundu kulikuwa na kitaa kidogo, kama cha ruta kule sebuleni. Waya wenye uhai hukifanya kipepese. Kilikuwa kimya, cheusi.

“Fungua ukurasa wa mashindano.”

Ukurasa ukafunguka. Picha, majina, jedwali la alama, vyote.

Bi Kwanini akauchomoa waya.

“Mama!”

“Fungua ukurasa mwingine.”

Kinyozi alibonyeza, akiwa tayari ameandaa uso wa huzuni. Ukurasa ukafunguka upesi. Akabonyeza mwingine, nao ukaja. Alitazama waya ulioning'inia mkononi mwa mgeni, akatazama kioo.

“Haiwezekani.”

“Kompyuta yako inatumia waifai,” alisema Bi Kwanini. “Uliandika kwamba inatumia waya, ukatia sahihi. Kwa nini?”

Waongo wa bima aliowajua walikuwa na jibu tayari, na la akiba nyuma yake. Kinyozi alichukua ule waya, akapuliza ncha yake kama mtu anayepuliza unga, akaurudisha kwenye tundu, akauchomoa, akaurudisha tena. Hakuwa na jibu hata moja, na Bi Kwanini akaanza kumwamini.

“Hukuona alama pale chini ya kioo?”

“Mimi naangalia ubao tu, mama. Mtandao ukiwepo, sijui umeingilia wapi.”

“Basi tuufuate waya.”

Waliufuata. Bi Kwanini alitangulia, ameinama, akiinua ncha za zulia la korido moja baada ya nyingine. Waya ulipita mlango wa kwanza, ukaingia sebuleni, ukaambaa na ukuta kupita mlango wa jikoni, ukazunguka nyuma ya kabati la vioo. Hapo aliingiza mkono, akapapasa, akavuta.

Ncha ya waya haikuwa kwenye ruta. Ilikuwa imeviringwa vizuri, duara juu ya duara, na kufungwa kwa uzi wa kijani wenye fundo la upinde.

Bi Kwanini aliuweka ule mviringo juu ya meza, karibu na kikombe chake cha chai, kisha akageuka kumtazama Bibi, ambaye sweta lake lilikuwa la kijani hicho hicho.

“Fundo zuri,” alisema.

“Ahsante,” alisema Bibi. “Niliufunga ili usipotee.”

“Mama!” Mke wa Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, sahani ya biskuti mkononi.

“Nini? Ameuliza vizuri, nimejibu vizuri. Mimi siwezi kumdanganya mtu aliyevua viatu.”

“Nani aliuchomoa?” aliuliza Bi Kwanini.

“Mimi,” alisema mke. Aliiweka sahani mezani, akakaa ukingoni mwa kochi. Alikuwa fundi wa nguo, na vidole vyake vilianza kukunja pindo la kanga kama vinatafuta sindano. “Mama alijikwaa pale koridoni. Waya ulikuwa umetoka chini ya zulia. Aliangukia nyonga, na nyonga yenyewe ndiyo ile aliyofanyiwa upasuaji. Nilimkanda hapa, yeye analia, mimi nalia. Baada ya hapo, mume wangu akiwa bado dukani, nikauchomoa. Nikaenda kwenye kompyuta, nikabonyeza pale pa waifai, nikaingiza neno la siri, mtandao ukaja. Nikaona yamekwisha.”

“Na mumeo hukumwambia. Kwa nini?”

Mke na mama yake walitazamana.

“Mashindano yalikuwa yameanza,” alisema Bibi, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha kutoka juu. “Mashindano yakianza, nyumba hii haina habari mbaya. Ndiyo desturi yetu. Mwaka jana bomba la bafuni lilipasuka, tulioga kwa ndoo mpaka akatoka kwenye robo fainali. Wala hakujua.”

“Nilidhani mnabana maji!” alisema Kinyozi.

“Tulikwambia tunabana maji.”

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Kinyozi alikuwa ameshika mlango wa korido kwa mkono mmoja. “Mama umeanguka,” alisema polepole, “na mimi siku zote hizi niko chumba cha nyuma nasogeza askari wa kwenye kioo.” Kisha akamgeukia mkewe. “Na nilipoandika ule utetezi, ukaniona nikitia sahihi?”

“Niliogopa.” Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuyafuta. “Ningesema, ungeonekana mwongo. Nisingesema, ungeonekana mwongo. Na mimi nikajiambia, waya au waifai, si intaneti ni ile ile? Itakuwaje shida iwe mimi?”

“Swali zuri,” alisema Bi Kwanini. “Acha kulia, mwanangu. Hilo ndilo swali lenyewe.”

Alikunywa chai. Ilikuwa ya moto wa kuchoma ulimi. Ikabidi airudishe mezani haraka. Nyumba ilimsubiri.

“Hadi hapa nina habari mbaya na nusu ya habari njema,” alisema. “Njema ni kwamba hukudanganya, ulidanganyika. Mbaya ni kwamba hilo halitoshi. Daktari wa meno atauliza kitu kimoja tu: waifai ikatike, sawa, lakini kwa nini ikatike anaposhindwa tu? Waifai haijui sataranji.”

“Haijui,” alikubali Kinyozi kwa unyonge.

“Kwa hiyo kuna kitu humu ndani kinachojua. Siku hizo tatu, nani alikuwepo?”

“Sisi watatu tu,” alisema mke. “Watoto wako shule za bweni.”

“Na wewe unajuaje akiwa anashindwa? Unamchungulia?”

“Mimi?” Mke alifuta shavu kwa kanga, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. “Sina haja ya kuchungulia. Nikiwa jikoni nasikia. Kwanza feni inanyamaza. Halafu anaita chai. Akishinda anaweza kukaa mpaka jioni bila hata tone la maji. Akiita chai, najua mfalme wake ana shida.”

“Anasema kweli,” alisema Bibi. “Kikombe kimoja, anakasirika. Kikombe cha pili, msiba.”

Bi Kwanini alikitazama kikombe chake. “Chai hiyo unaichemsha?”

“Inakuwa tayari tangu asubuhi. Naipasha kwenye maikrowevu. Anaitaka ya kuunguza, dakika mbili kamili, la sivyo anairudisha.”

“Na hii yangu?”

“Hiyo pia. Niliipasha ulipokuja.”

“Ilipokuwa inapashwa, Bibi, yule mwalimu wako wa kufuma alikuwa anafanya nini?”

Bibi alitazama simu yake, ambamo mwanamke yule sasa alikuwa anafuma kwa furaha bila kusimama, kisha akatazama jikoni. “Alikuwa ameganda,” alisema. “Kumbe siyo aibu?”

Bi Kwanini alisimama, akaenda jikoni. Maikrowevu ilikaa juu ya rafu, mgongo wake umegusa ukuta. Alirudi sebuleni, akapima kwa macho. Nyuma ya ukuta ule ule, kwa upande wa pili, kabati la vioo. Juu ya kabati, ruta.

“Rudi kwenye kompyuta,” alimwambia Kinyozi. “Anzisha mchezo wowote na mtu yeyote. Kila ukiona ubao umeganda, piga kelele. Ukiachia, sema umeachia. Usifunge mlango, na usiulize ninafanya nini.”

Aliweka bilauri ya maji ndani ya maikrowevu, akangoja kidogo, akaibonyeza.

“Imeganda!” ikaja sauti kutoka nyuma.

Akaizima.

“Inarudi... imerudi!”

Akaiwasha.

“Imeganda!”

“Na yangu!” Bibi aliita kutoka sebuleni, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. “Na yangu imeganda!”

Alirudia mpaka maji ya bilauri yakachemka. Haikukosea hata mara moja. Kisha akamwita Kinyozi, akamketisha, akamweleza, na kwa kuwa alimwona amechoka alieleza kwa maneno machache. Waifai husafiri hewani, na hewa ni ya wote. Maikrowevu inapopasha chai hupiga kelele katika hewa ile ile, kelele ambazo sikio halizisikii lakini ruta inazisikia, na maikrowevu hii imekaa sikioni kabisa mwa ruta. Mambo yakimwendea vibaya Kinyozi huita chai. Chai ikipashwa, mtandao unakufa dakika mbili. Dakika moja tu inatosha kufuta mchezo.

“Kwa hiyo kweli ilikuwa mimi,” alisema Kinyozi.

“Ilikuwa chai.”

Kinyozi alianza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikamshinda, akashika magoti, na mkewe akacheka kwa sababu yeye anacheka, na Bibi akaangusha mishono minne bila kulalamika.

Ugomvi ulianza walipofika kwenye dawa. Mke alitaka waifai ibaki, ila yeye atapasha chai kwa sufuria siku za mchezo. Bibi akauliza nani atakumbuka sufuria siku mgeni akija ghafla. Kinyozi alijitolea kuacha chai.

“Wewe?” alisema mkewe. “Ukiwa unashindwa?”

“Naweza.”

“Mume wangu, ile siku ya Daktari uliita vikombe vitatu.”

“Tuhamishe ruta iende kule nyuma.”

“Na mimi nifume gizani?” alisema Bibi. “Ikienda nyuma, hapa haifiki. Nilishajaribu kukaa kule na kule, naijua.”

“Basi nirudishe waya,” alisema Kinyozi, na hapo hapo akamtazama mama mkwe wake, akajuta kuusema. “Hapana. Waya hapana. Nyonga yako, mama, ni kubwa kuliko sataranji.”

Bi Kwanini alikuwa na maoni yake. Kwa mashine isiyohama, ambayo dakika moja inaweza kumvunjia mtu jina, waya ni njia yake peke yake, haigongani na mtu. Waifai ni njia ya wote. Lakini hakuwa amekuja kuwapangia nyumba, akanyamaza na kula biskuti.

“Kwani lazima utambae chini?” aliuliza Bibi. “Pazia mbona halitambai chini?”

Wote wakatazama juu. Kila mlango wa nyumba ile ulikuwa na fimbo ya pazia.

Kazi haikuchukua muda. Kinyozi alipanda kwenye kiti, akaupitisha waya juu ya fimbo ya mlango wa jikoni, akaukokota kwenye pembe ya dari kwa vishikizo na nyundo, ukapita juu ya mlango wa korido, mpaka chumba cha nyuma. Mkewe alimpokeza vishikizo akivitoa mdomoni kama pini za nguo. Bibi aliamuru kutoka kochini, na kila penye fimbo akatuma kipande cha uzi wa kijani cha kufungia, kwa sharti kwamba fundo liwe la upinde. Walipochomeka ncha kwenye ruta, Bi Kwanini alikwenda nyuma, akainama. Kitaa kilikuwa kinapepesa. Alizima waifai ya kompyuta kwa mkono wake. Akabonyeza swichi ya feni kwa mguu, kwa hakika tu. Mtandao ukabaki palepale.

“Sasa nitaandika ripoti,” alisema. “Hukukata mtandao kwa makusudi. Utaurudia mchezo wa Daktari.”

“Sitaurudia,” alisema Kinyozi.

“Kwa nini?”

“Alikuwa ananifunga, mama. Nilikuwa nimekwisha. Tuendelee pale ulipokatikia. Na ile miwili niliyorudia nikashinda, andika kwamba alama zake nimezirudisha.”

“Nani amekuomba?”

“Hakuna.”

Bi Kwanini alikuwa ameingia katika nyumba nyingi mno, na zile alizotoka akiwa na furaha angeweza kuzitaja bila kuvuta pumzi mara mbili. Alichukua simu, akampigia daktari wa meno.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. “Chai,” alisema. Kisha, “Sawa. Tuendelee leo hii. Lakini wewe ukae nyuma yake.”

Alikaa nyuma yake. Ubao ukarudi kama ulivyokatika: malkia wa Kinyozi amebanwa pembeni, farasi wa Daktari amesimama katikati kama mwenye nyumba. Hata mtu asiyejua mchezo angemwonea Kinyozi huruma. Akasogeza. Akasubiri. Akasogeza tena. Bi Kwanini aliona kidole gumba cha mguu kikienda kutafuta swichi. Feni ikanyamaza.

“Mama watoto!” aliita Kinyozi bila kugeuka. “Chai!”

Jikoni maikrowevu ikanguruma.

“Tena!” ikasikika sauti ya Bibi kutoka sebuleni. “Ameganda tena!”

Kwenye kioo, saa ya mchezo iliendelea kuhesabu. Farasi wa Daktari akaruka, mwepesi, bila kusita. Hakuna kilichoganda. Chai ikaja ikitoa mvuke, Kinyozi akainywa yote, akaomba ya pili, na ya pili ilipokuwa bado inazunguka ndani ya maikrowevu, ngome ya Daktari ilishuka mpaka mstari wa mwisho na mfalme wa Kinyozi akakosa pa kwenda. Alikuwa amefungwa, mchana kweupe, mbele ya shahidi, mpaka hatua ya mwisho.

Aliegemea kiti chake cha zamani cha saluni, akapumua kwa nguvu. “Nimeshindwa,” alisema, na Bi Kwanini hakuwahi kumsikia mtu akilisema neno hilo kwa raha namna ile.

Simu ikaita. Mke wa Kinyozi, aliyekuwa ameingia na kikombe cha pili, aliibonyeza ili wote wasikie.

“Hukukatika,” alisema daktari wa meno.

“Sikukatika.”

“Ulijua unafungwa tangu wapi?”

“Tangu farasi.”

“Na ukacheza mpaka mwisho.” Daktari alikohoa. “Ile methali niliyoandika. Nitamwambia Katibu wa Chama aifute.”

“Iache, daktari. Ni methali nzuri.”

Ilikuwa wazi kwamba mtu yule hakuwa na mazoezi ya kuomba radhi. “Ndevu zangu zimekuwa ndefu,” alisema hatimaye. “Jumatatu duka unafungua saa ngapi?”

Kinyozi alitazama mikono yake. “Unataka mashine,” aliuliza, “au wembe?”

“Wembe,” alisema daktari. “Mpaka shingoni.”

Kinyozi aliuma mdomo, akageuza uso ukutani, mkewe akamwekea mkono begani. Ndipo Bi Kwanini alipoinama juu ya simu, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuuliza, akajibu badala yake.

“Saa mbili asubuhi,” alisema. “Usichelewe, na mlete na Katibu.”